Syzygy: Neno Hili Lina Silabi Ngapi?

Katika kipindi cha fonolojia mwanafunzi mmoja aliandika ubaoni neno la Kiingereza syzygy, akauliza: "Mwalimu, neno hili halina irabu hata moja. Je, lina silabi?" Darasa zima likacheka. Hata hivyo swali lake linagusa kosa linalowapotezea wanafunzi wetu alama katika mitihani, yaani kuchanganya herufi na sauti.

Syzygy ni istilahi ya elimu ya nyota. Jua, dunia na mwezi vinapokaa katika mstari mmoja, kama wakati wa kupatwa kwa jua, hali hiyo huitwa hivyo. Herufi y imeandikwa mara tatu, na kila mara inawakilisha irabu. Kwa hiyo silabi ni tatu: si-zi-ji. Herufi g hapa hutamkwa kama j. (Wenzetu Waganda hawatashangaa, kwani hata wao huandika gi na kutamka sauti iliyo karibu na ji.)

Ugumu uko kwenye shadda. Kiswahili huiweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo wengi wetu husema si-ZI-ji. Kiingereza hutaka SI-zi-ji.

Tukija kwenye ukataji, kamusi za Kiingereza huandika syz-y-gy, z ikibaki kushoto, kwa sababu irabu fupi yenye shadda katika lugha hiyo kwa kawaida huhitaji konsonanti ya kuifunga. Asili ya neno inakata pengine: katika Kigiriki sy- ni "pamoja" na zyg- ni "nira", kama ng'ombe wawili waliofungwa nira moja. Hapo z iko kulia. Mkato wa kwanza ni wa silabi, wa pili ni wa mofimu, na mtahini akiuliza kimoja asijibiwe kingine.

Sasa turudi nyumbani. Ukihesabu herufi a, e, i, o, u katika mtu, utapata silabi moja. Lakini zipo mbili, m-tu, na shadda iko juu ya m yenyewe, konsonanti iliyobeba silabi peke yake. Nilipomwuliza mwanafunzi yule apige makofi akilitamka neno hilo, alipiga mara mbili bila kusita. Kisha akarudi ubaoni kulikata syzygy.