Bunduki Ipi Yamtosha Pofu?

Katika mitaa ya Kaloleni, Ziwani na Shauri Moyo, hapa Nairobi, wazee waliotumika katika K.A.R. walisifu sana bunduki yao ya 303. Wenzao waliowahi kufuata safari za wawindaji waliwacheka, wakisema kwamba bunduki hiyo ni ya swala tu, na mnyama mkubwa hutaka bunduki kubwa. Yafaa shauri hili lipimwe kwa hoja, kwani akoseaye katika kuchagua bunduki humtesa mnyama, na pengine humponza mtu asiye na hatia.

Kwanza tufahamu maana ya tarakimu hizo. Bunduki ya 303 ina mtutu ambao upana wa tundu lake ni inchi 0.303, yaani karibu milimita 7.7. Ile ya 375, iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, hupiga risasi yenye upana wa milimita 9.5. Risasi ya 303 ya jeshi ilikuwa na uzito wa gramu 11 hivi. Ile ya 375 kwa kawaida ina gramu 19, na ya 470, iliyopendwa na wawindaji wa ndovu, hupita gramu 32.

Sasa tumtazame mnyama mwenyewe. Swala tomi wa mbuga za Athi hapiti kilo 35, lakini pofu dume aliyekomaa huweza kufikia kilo 900, mzito kuliko fahali wengi wa zizini. Huko Marekani wawindaji hubishana vivyo hivyo juu ya elk, mnyama mwenye pembe za matawi, ambaye dume lake huwa na kilo 300 na zaidi. Basi bunduki wanayoiona kuwa yatosha kwao haiwezi kuchukuliwa kuwa yatosha kwa pofu bila kufikiri.

Hata hivyo, upana wa risasi si neno la mwisho. Risasi za jeshi hufunikwa madini mwili mzima, kwa sababu mapatano ya Hague ya mwaka 1899 yalikataza vitani risasi zinazopanuka mwilini. Risasi ya namna hiyo huweza kumpenya mnyama na kutokea upande wa pili, naye akaenda mbali na jeraha lake kabla ya kufa. Kwa pofu hutakiwa risasi yenye ncha laini, ipanukayo, tena iliyo imara hata isivunjike juu ya mfupa wa bega. Kwa ndovu ni kinyume: hutakiwa risasi ngumu isiyopanuka, ili ipenye fuvu nene.

Wako watakaomtaja W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda. Yeye aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya 275. Hayo ni kweli, lakini Bell alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue hasa mahali ubongo ulipo, na shabaha yake ilikuwa ya ajabu. Atakayeiga bunduki yake bila kuwa na elimu yake atajuta.

Kwa upande mwingine, bunduki kubwa kupita kiasi hulipiga bega la mwenyewe kwa nguvu nyingi. Mtu akiiogopa, hufumba macho na kutikisika kabla ya kufyatua, na risasi hupiga tumbo badala ya moyo na mapafu. Bunduki itoshayo ni ile yenye nguvu ya kumwangusha mnyama, na ambayo mpigaji aweza kuituliza. Kwa pofu, 30-06 yenye risasi nzuri hutosha mkononi mwa mtu mtulivu aliyemkaribia mnyama. 375 ina akiba ya nguvu zaidi. Kwa nyati, nchini Tanzania ambako uwindaji wa leseni unaruhusiwa, hutakiwa bunduki isiyopungua 375.

Hapa Kenya uwindaji wa wanyama wakubwa ulipigwa marufuku mwezi Mei mwaka 1977, na sheria ya mwaka 2013 huwaadhibu vikali wavunjao amri. Lakini somo hili halijapitwa na wakati. Mkulima ambaye nyati ameingia shambani mwake asimjaribu kwa bunduki ndogo wala kwa mshale. Nyati aliyejeruhiwa hujificha kichakani, na kesho yake atakayekutana naye ni mama aendaye kutafuta kuni, au mtoto aendaye shule. Apeleke habari upesi kwa maofisa wa Kenya Wildlife Service, wenye silaha zitoshazo na mafunzo ya kazi hiyo.

Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Asiyeweza kumwua mnyama mara moja, bila kumtesa, heri asiinue bunduki kabisa.