Gari likilia kabla ya kugonga, linaokoa kweli?

Baadhi ya magari yaliyotumika yanayoletwa Mwanza kutoka Japani yana kamera ndogo juu ya kioo cha mbele. Inapoona gari la mbele limekaribia mno, humpigia dereva mlio. Toyota ni miongoni mwa kampuni zinazouza mfumo wa namna hiyo.

Je, unasaidia? Taasisi ya Marekani ya IIHS, inayogharamiwa na kampuni za bima, ililinganisha ajali za magari yenye mfumo na yasiyo nao. Mlio peke yake ulipunguza ajali za kugonga gari la mbele kwa asilimia 27. Mlio pamoja na breki zinazojishika zenyewe ulizipunguza kwa asilimia 50.

Tofauti hiyo inatokana na mwanadamu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata mita 22 kila sekunde. Dereva anayesoma simu husikia mlio, huinua macho, ndipo mguu uitafute breki. Sekunde moja na nusu ikipita, mita 33 zimekwisha.

Majaribio ya mwanzo nayo yasiaminiwe upesi. Taa ya tatu ya breki, ile ya katikati nyuma, ilipojaribiwa kwenye teksi za Marekani miaka ya 1970, ajali za kugongwa nyuma zilipungua kwa nusu hivi. Ikawa ya lazima kwa magari madogo mapya ya mwaka 1986, madereva wakaizoea, na faida ikashuka hadi asilimia 4 na ushei.

Huku kwetu Ziwa, kifaa cha LATRA kwenye mabasi hulia basi likizidisha mwendo, lakini hakilioni lori lililokufa gizani ukishaipita Usagara, au njia ya Magu. Hapo dereva wa nyuma huonywa na pembetatu ya kuakisi mwanga, na mara nyingi ni matawi ya miti tu. Mjini, kati ya Buzuruga na Igoma, bodaboda huchomekea kila penye upenyo. Mlio ukizidi, dereva huuzima, na pesa ya mfumo imekwenda bure.

Kwa familia yenye gari kama hilo, jambo la kuangalia zaidi ni kioo. Kikipasuliwa na jiwe na kubadilishwa, kamera hutakiwa kupimwa upya, la sivyo huenda ikatazama pembeni. Fundi akisema kazi imekwisha, mwulize ameipima kwa kifaa gani.