Macho ya Baba Kizingitini

Mama anaingia chumbani na mshumaa mkononi. Baba hamtazami usoni. Macho yake yanashuka hadi karibu na kizingiti, pale uso wa binti yao ulipozoea kuonekana kila mama alipoingia. Chini ya sauti ya mwimbaji, nyuzi za selo zinadonolewa kwa vidole, polepole, kama hatua za mtu. Huo ni wimbo wa tatu kati ya nyimbo tano za Kindertotenlieder, "Nyimbo za Watoto Waliokufa", alizoanza kuzitunga Gustav Mahler mwaka 1901 na kuzimaliza 1904.

Maneno ni ya Friedrich Rückert, mshairi Mjerumani aliyefiwa na watoto wawili kwa homa ya vipele vyekundu majira ya baridi ya 1833 kuingia 1834. Aliandika mashairi zaidi ya 400 ya kuwalilia. Mahler alichagua matano.

Sisi wa Kiyovu, hapa Kigali, tuna sababu ya kuyaelewa. Ng'ambo ya bonde, kwenye Ukumbusho wa Gisozi, kuna chumba cha watoto waliouawa mwaka 1994. Chini ya picha umeandikwa umri wa mtoto, chakula alichokipenda, mchezo wake. Silinganishi homa na mauaji ya kimbari. Nazungumzia namna ya kumkumbuka mtoto. Hapo msiba hauna idadi, una mtoto mmoja na sahani yake. Rückert na Mahler walipita njia hiyo hiyo.

Ndiyo maana okestra hapa ni ndogo. Mahler, aliyejaza simfoni zake tarumbeta na tromboni, safari hii ameziacha zote. Wimbo wa kwanza unaanza na zumari na baragumu, basi. Mwimbaji halazimiki kupaza sauti, na asiyepaza sauti anasikika akijizuia kulia. Dhoruba inapasuka katika wimbo wa tano tu, kisha inageuka kuwa bembelezi. Wapo wanaoona faraja hiyo imekuja kirahisi. Mimi naiamini, kwa sababu Mahler haileti mpaka dhoruba iishiwe nguvu yenyewe.

Mwaka 1907 binti yake Maria alifariki akiwa na miaka minne, na tangu hapo watu husema nyimbo hizi zilikuwa uchuro. Hapana. Mahler alikua akizika ndugu zake. Mdogo wake Ernst alikufa mwaka 1875, yeye akiwa na miaka 14. Mtoto wa Rückert naye aliitwa Ernst. Mtunzi alikuwa anakumbuka, hakuwa anatabiri.

Mara ya kwanza ziliimbwa Vienna tarehe 29 Januari 1905 na Friedrich Weidemann, Mahler mwenyewe akiongoza. Alitaka zote tano ziende mfululizo, bila makofi katikati. Anayeanza atafute rekodi ya Kathleen Ferrier ya mwaka 1949, chini ya Bruno Walter, aliyefanya kazi na Mahler Vienna. Ni kama dakika 25. Zima simu, usizikatize.