Kikulacho chaji ki ndani ya simu

WATU wengi wenye simutamba hulala simu ikiwa na chaji ya kutosha, kisha huamka na kukuta imepungua sana ilhali hakuna aliyeigusa. Baadhi hudhani betri imeharibika na kukimbilia dukani kununua nyingine. Hata hivyo, aghalabu kikulacho ki nguoni mwako: chaji huliwa na programu zinazofanya kazi chinichini huku skrini ikiwa imezimwa.

Hasara yake si ndogo. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka wa 2007, simu imekuwa pia mkoba wa fedha. Inapozimika njiani, abiria hushindwa kulipa nauli, naye mwendeshaji bodaboda anayetafutiwa wateja na programu hukosa kazi.

Programu iliyoachwa haikomi kazi daima. Huamka kutafuta ujumbe mpya, kupakia picha, kuleta matangazo au kutambua mahali simu ilipo. Kila inapowasiliana na mtandao, kifaa cha mawasiliano ndani ya simu hubaki macho kwa sekunde kadhaa baada ya data kupita. Kwa sababu hiyo, safari nyingi ndogo za data hula chaji kuliko safari moja kubwa. Mahali ambapo mtandao ni hafifu, gharama huongezeka kwa kuwa simu hutumia nguvu zaidi kuufikia mnara.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni kuzifunga programu zote kila baada ya kuzitumia. Dhana hiyo ni potovu. Programu iliyofungwa kabisa hulazimika kuanzishwa upya inapohitajika, na kazi hiyo huweza kula chaji kuliko kuiacha itulie. Mwaka wa 2016, wakuu wa uundaji programu za iPhone na Android, Craig Federighi na Hiroshi Lockheimer, walieleza kwamba zoea hilo haliokoi betri. Inayofaa kufungwa ni programu iliyokwama.

Simu zenyewe zimepewa uwezo wa kujidhibiti. Toleo la 6 la Android, lililotoka mwaka wa 2015, huahirisha kazi za programu simu inapokuwa imetulia bila kutumiwa, kisha huziruhusu zifanyike kwa pamoja. Toleo la 9, la mwaka wa 2018, lilianza kujifunza ni programu zipi mwenye simu huzitumia mara chache na kuzibana. Kwa upande wa iPhone, tangu mwaka wa 2013 mtumiaji anaweza kuinyima programu yoyote ruhusa ya kujisasisha chinichini.

Hatua ya kwanza ni kufungua sehemu ya mipangilio, kisha betri. Hapo huorodheshwa programu na kiasi cha chaji ambacho kila moja imetumia. Iliyo juu kwenye orodha si lazima iwe mkosaji. Video iliyotazamwa kwa saa mbili ina haki ya kula chaji. Ya kushukiwa ni ile ambayo haikufunguliwa kamwe lakini imekula nyingi. Hiyo ndiyo ya kuwekewa vizuizi, au kuondolewa ikiwa haina faida.

Hatua ya pili ni kuhakikisha programu zinaruhusiwa kujua mahali simu ilipo wakati zinapotumiwa tu. Ya tatu ni kuchelewesha upakiaji wa picha hadi simu iwe kwenye chaja na mtandao wa Wi-Fi.

Tahadhari inahitajika. Programu ya ujumbe au ya kutafuta wateja ikibanwa, taarifa zake huenda zikachelewa. Vilevile, programu zinazodai kuokoa betri zisiaminiwe ovyo, kwani nyingine hufanya kazi chinichini na kuleta matangazo.

Iwapo mkosaji haonekani, huenda betri imechakaa kweli. Apple, kwa mfano, husema betri za iPhone zilizotangulia iPhone 15 zimeundwa kubakisha asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Kununua betri mpya bila kuchunguza kwanza ni kumnunulia mwizi chakula kingine.