Mtunza Nyoka Asiyemjua Nyoka



Siku moja ya mapumziko tulikwenda kutazama wanyama mahali fulani pa maonyesho, sisi vibarua wa mashamba ya tumbaku pamoja na wenzetu wakaao Dzaleka ambao hufanya ganyu huku na huku. Jina la mahali hapo tunaliacha, maana shabaha yetu si kumwaibisha mtu.

Tulipofika penye vizimba vya nyoka, kijana aliyetuongoza alitueleza mambo matatu. La kwanza, kinyonga akikuuma huponi. La pili, chatu ana sumu mkiani. La tatu, mtu akiumwa na nyoka afungwe kamba kwa nguvu, achanjwe kwa wembe, kisha abandikwe jiwe jeusi.

Yote matatu si kweli. Kinyonga hana sumu. Chatu naye hana. Huua kwa kubana. Lakini hilo la tatu ndilo la hatari, kwa sababu wenzetu walilipokea kama neno la fundi, na kesho yake walirudi shambani kwenye mphiri.

Mphiri ni yule ambaye kwa Kiswahili twamwita kifutu au moma. Yeye hakimbii asikiapo hatua. Hulala kimya majanini akitegemea rangi yake, na mvunaji humkanyaga. Sumu yake huvimbisha na kuozesha nyama. Ukikaza kamba, damu haipiti na nyama huzidi kufa. Mguu ambao labda ungepona hukatwa.

Tulimwuliza kijana amefundishwa na nani. Akajibu: "Na yule niliyemkuta kazini." Na huyo aliyemtangulia je? Alipewa ufagio, ndoo na funguo, basi. Kwa hiyo tusimlaumu kijana. Yeye ndiye wa kwanza kuhatarishwa, kwani kila asubuhi huingiza mkono penye sumu asiyoijua.

Hata wajuzi hukosea. Mwaka 1957, Karl P. Schmidt wa jumba la makumbusho la Chicago, Marekani, bingwa wa nyoka aliyejulikana duniani, aliletewa nyoka mdogo amtambue. Alikuwa yule nyoka wa mitini ambaye Waafrika Kusini humwita boomslang, naye yuko pia hapa Malawi. Alimwuma kidole. Bwana Schmidt alidhani sumu ile ni kidogo, hakutafuta matibabu. Kesho yake akafa. Sumu ya nyoka huyo huzuia damu kuganda, nayo huweza kukawia saa nyingi kabla ya kujionyesha. Ikiwa bingwa alikufa kwa kudharau, je, asiyefundishwa?

Kwamba kazi hii yaweza kufanywa vyema, mifano ipo. Nairobi ina bustani ya nyoka tangu mwaka 1961. James Ashe, aliyewahi kufanya kazi hapo, alianzisha na mkewe kituo cha Bio-Ken huko Watamu mwaka 1980, na kituo hicho kimekuwa kikifundisha watu kuwatambua nyoka na kuwahudumia walioumwa.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, na walio wengi ni watu wa mashambani. Mwaka 2017 shirika hilo liliingiza jambo hili katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa.

Basi shika haya. Mwenzako akiumwa, mwondoe penye nyoka na umtulize. Mvue pete, bangili na viatu kabla hajavimba. Funga kiungo kwa kijiti kisitikisike, wala usikaze. Usichanje, usinyonye, usibandike jiwe. Usimfukuze nyoka ili umwonyeshe daktari. Mpeleke hospitali upesi, akibebwa, asitembee. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi, kisha nenda kwa mganga.

Na waajiri nao wana wajibu. Sheria ya Malawi ya mwaka 1997 ya usalama, afya na ustawi kazini yamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi maelezo na mafunzo ya kujikinga na hatari. Hapana budi tudai: viatu vya mpira kwa wavunaji, mafunzo kwa watunza wanyama kabla ya kukabidhiwa funguo, chombo cha kumpeleka mgonjwa, na kujua mapema ni hospitali ipi yenye dawa ya sumu ya nyoka, ili tusianze kuuliza wakati mtu amekwisha kuumwa.

Kila tawi lilizungumze hili katika mkutano wake kabla ya mvua za kwanza, wakati nyoka watokapo na majembe yashikwapo. Usalama kazini ni haki yetu, si zawadi.