Afya ya Familia: Akiba ya Mafuriko Huwekwa Wakati wa Mavuno



Wakati wa mavuno kila mtu anashughulika na mpunga: kukata, kupiga, kupepeta na kuanika. Hakuna apendaye kusikia habari za mafuriko magunia yakiwa mlangoni. Lakini sisi wauguzi tumeona kwamba shida nyingi za masika huanza hapa, siku mnunuzi anapofika na mizani yake.

Masika moja tulimpokea bibi aliyetoka mashamba ya bondeni, upande wa Namawala. Alikuja kwa mtumbwi na kwa miguu pamoja na wajukuu wawili. Wote wawili waliharisha, macho yao yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi upesi. Mkubwa alipona. Mdogo, wa mwaka mmoja na nusu, alifariki usiku uleule.

Tulimwuliza bibi walikuwa wanakunywa maji gani. Akajibu, "Sista, maji yalikuwa mpaka magotini. Ya kunywa ndiyo hayakuwapo. Kuni zililowa zote, tukanywa hivyohivyo." Na chakula je? "Mwezi wa saba tulikuwa na magunia kumi na mawili. Tuliuza. Mvua zilipokazana limebaki gunia moja la mbegu, nalo tukalila."

Bibi huyu hakuwa mvivu wala mjinga. Alikosa mpango tu. Tumwazie yeye tunaposoma ukurasa huu.

MAFURIKO YETU NI YA MUDA MREFU

Mto Kilombero hupokea maji ya milima ya Udzungwa upande mmoja na ya milima ya Mahenge upande wa pili, kisha hukutana na Luwegu na kuwa Mto Rufiji. Bonde letu ni tambarare, kwa hiyo maji huja upesi na kuondoka polepole. Nyumba yaweza kuzungukwa na maji kwa wiki nyingi, barabara ikakatika na duka likabaki tupu. Wazee wanakumbuka mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Hata vijana wanakumbuka zile za 2024: mwezi wa Aprili mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa nchini kutokana na mvua hizo na mafuriko yake.

Tena mafuriko huja katika miezi ya Machi na Aprili, wakati vihenge vinakaribia kuwa vitupu na mpunga mpya haujaiva. Ndiyo maana tunasema kwamba akiba ya masika huwekwa wakati wa mavuno, kabla ya kuuza hata gunia moja.

CHAKULA: TUHESABU KWANZA, TUUZE BAADAYE

Tuchukue familia ya watu 6, tukiandaa siku 60. Mtu mmoja, tukichanganya wakubwa na wadogo, anahitaji kwa siku karibu gramu 400 za mchele au unga, gramu 60 za maharage au kunde, na mafuta kidogo. Hesabu ya familia nzima ni hii:

1. Mchele kilo 144. Huo ni karibu magunia matatu ya mpunga, kwa gunia la kilo 75.
2. Maharage, kunde au choroko kilo 22.
3. Mafuta ya kupikia lita 9.
4. Chumvi kilo 2, na sukari kidogo kwa ajili ya wagonjwa.

Ongezeni samaki wa kukaushwa, kama kambale na perege wa mto wetu, pamoja na karanga kwa uji wa watoto. Mbegu ziwekwe mahali pake, zisihesabiwe kama chakula.

Wekeni mpunga, msiweke mchele. Ganda la mpunga huulinda na wadudu, nao hukaa muda mrefu zaidi. Lakini lazima ukauke vizuri. Kuna njia rahisi ya kupima: chukueni chupa kavu ya kioo, tieni nafaka kidogo na chumvi kavu, zibeni na kutikisa, kisha muache kwa dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, nafaka bado ina unyevu. Ianikeni tena, juu ya turubai au mkeka, isigusane na udongo.

Nafaka yenye unyevu huota ukungu, na ukungu huweza kuleta sumukuvu. Kuosha hakuiondoi, kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mahindi au karanga zilizoota ukungu msile, wala msimpe kuku.

Magunia yasikae sakafuni. Yapandisheni juu ya kichanja, juu kuliko alama ya maji ya mwaka mbaya kuliko yote mnaoukumbuka. Wanaohamia kwenye madungu mashambani wachukue sehemu ya akiba, nyingine ibaki nyumbani mahali pa juu.

Neno moja juu ya muhogo. Maji yakiingia shambani watu hung'oa muhogo kwa haraka na kuula kabla haujatengenezwa. Muhogo mchungu lazima umenywe, ulowekwe siku tatu au nne mpaka ulainike, kisha uanikwe juani. Wakati wa ukame wa mwaka 1985 huko Tarime, watu waliokula muhogo mchungu usiotengenezwa vema walipata ugonjwa wa konzo, ambao hukakamaza miguu ghafula. Ulemavu wake hauponi.

MAJI: TUWEKE VIFAA VYA KUYASAFISHA

Chakula cha siku 60 chawekwa. Maji je? Kila mtu anahitaji kama lita 3 kwa siku za kunywa na kupikia. Kwa watu 6 ni lita 18 kwa siku, na kwa siku 60 ni lita 1,080, yaani madumu makubwa 54. Nani ana madumu hayo? Kwa hiyo wekeni maji ya siku tatu tu, ambayo ni madumu matatu, na pamoja nayo wekeni vitu vya kusafishia maji mengine. Maji ya mafuriko yamepita vyooni na makaburini. Hata kisima kilichofunikwa na mafuriko si salama mpaka kisafishwe na kutiwa dawa.

1. Kuni kavu. Hizi ndizo alizokosa yule bibi. Jazeni darini au juu ya kichanja kabla ya Desemba, na viberiti mvitie kwenye mfuko wa plastiki. Maji yakichemka kwa mapovu makubwa dakika moja yametosha. Kuyaacha yachemke nusu saa ni kupoteza kuni.

2. Vidonge vya klorini vya kusafishia maji. Vingi ni kidonge kimoja kwa ndoo ya lita 20, lakini someni karatasi yake na kungoja nusu saa kabla ya kunywa. Angalieni pia tarehe ya mwisho.

3. Kitambaa safi cha kuchujia. Maji ya matope yatulie kwanza, yachujwe, ndipo yachemshwe au yatiwe dawa. Mbegu za mlonge zilizotwangwa husaidia matope kushuka chini, ila haziui vijidudu vyote.

4. Bati na pipa. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya bati la mita za mraba 20 hutoa kama lita 200. Maji ya kwanza yaoshe bati, yaacheni yapite. Pipa lifunikwe kwa kitambaa, maana mbu wa Namawala tunawajua sote. Maji haya nayo yachemsheni kabla ya kunywa.

5. Ndoo yenye kifuniko, na bomba ikiwezekana. Maji safi yakichotwa kwa kikombe na mkono mchafu yamekuwa machafu tena. Dumu lililokuwa na dawa ya shamba lisitumike kamwe, hata likioshwa mara kumi.

MTOTO AKIHARISHA

Hapa hakuna kungoja. Wekeni pakiti za dawa ya maji, yaani ORS, pamoja na akiba ya chakula. Zikikosekana, changanyeni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi. Mpeni kidogokidogo, na akitapika ngojeni dakika 10 kisha mwendelee. Anyonye na ale kama kawaida. Ombeni vidonge vya zinki zahanati. Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe maji ya kunywa wala uji. Maziwa ya mama yanamtosha, nayo hayachafuliwi na mafuriko. Akiharisha anyonye mara nyingi zaidi, na apelekwe zahanati mapema.

Mkiona macho yameingia ndani, mtoto hanywi au amelegea, au kinyesi ni kama maji ya mchele, ondokeni mara moja, hata usiku. Jueni mapema ni jirani yupi mwenye mtumbwi.

Wazee walisema akiba haiozi. Baba na mama waketi pamoja kabla mnunuzi hajafika, wahesabu midomo ya nyumba yao, na wayafunge magunia ya masika kwa kamba ya rangi nyingine. Mnunuzi akiuliza bei yake, ajibiwe kwamba hayo yana wenyewe.