TEGU NA KIFAFA

Watu wengi hudhani kwamba kifafa huletwa na wachawi au pepo. Napenda kuwaeleza wasomaji wenzangu habari za mnyoo mmoja awezaye kuleta ugonjwa huo, yaani tegu wa nguruwe.

Mtu akila nyama ya nguruwe yenye malengelenge, isiyoiva vema, tegu hukua tumboni mwake kufikia urefu wa meta 2 hadi 7. Mayai yake hutoka pamoja na choo. Ikiwa mtu huyo huenda vichakani, nguruwe wanaozurura hula uchafu ule, na nyama yao hupata malengelenge. Katika wilaya yetu ya Kongwa wataalamu wamewakuta nguruwe wa namna hiyo.

Lakini hatari kubwa ni hii: mvua huyachukua mayai yale mpaka malamboni na visimani. Mtu akiyameza katika maji, mboga mbichi, au kwa mikono michafu, watoto wa tegu hutoboa utumbo, huingia katika damu na kufika hata ubongoni. Huweza kukaa humo miaka mingi kimya. Wanapokufa, ubongo huvimba, na mtu huanguka kifafa. Basi hata asiyeonja nguruwe maisha yake yote aweza kupatwa.

Si kila kifafa hutokana na tegu. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mahali pengi ambapo watu hukaa pamoja na nguruwe wanaozurura, wagonjwa 30 katika kila 100 wa kifafa wamekipata kwa njia hii.

Kijijini kwetu nilimwona kijana akianguka karibu na moto. Watu walikimbia wakiogopa povu lake, naye akaungua mkono. Hakurudi shule tena. Ndugu zangu, povu haliambukizi! Mwondoeni mgonjwa penye moto, mlazeni ubavu, wala msimtie kitu kinywani. Kisha apelekwe hospitali, kwa maana dawa ya kifafa ipo. Asinywe dawa ya minyoo kwa kubuni, kwani tegu wengi wakifa ubongoni kwa ghafula, hali yake yaweza kuzidi kuwa mbaya.

Tuchimbe vyoo, tufunge nguruwe mazizini, tuchemshe maji, tunawe mikono kwa sabuni, na tupike nyama mpaka iive kabisa. Nasi twendapo likizo, tukimkuta mwenye kifafa amefichwa nyumbani, tuwaambie wazee wetu kwa heshima kwamba huyo ni mgonjwa, hakulogwa.

Mwanafunzi, Kidato cha IV